Saa Hamsini na Tatu

Emil alipoisoma ile karatasi mara ya pili, nilijua tutagombana. Mara ya kwanza aliisoma kama mtu anayepitisha macho kwenye bei za dukani. Mara ya pili aliweka kikombe cha kahawa mezani, akavua miwani, akanitazama kwa yale macho yake ya kijivu ambayo kwa miaka miwili yalikuwa yakinisahaulisha nilichofuata jikoni.

"Kwa hiyo tuendelee kukodi," alisema.

"Hesabu ndiyo inayosema, si mimi."

"Hesabu kaiandika nani?"

"Mimi. Lakini angeiandika mwingine yeyote, jibu lingekuwa hilo hilo."

"Angeiandika mwingine yeyote nisingeumia hivi, Marlys."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Mei, saa moja asubuhi, na jua la Soldotna, mji wetu wa kaskazini ya mbali, lilikuwa limeshapanda zamani. Saa sita mchana ndiyo ilikuwa mwisho. Mzee Orville Stenquist alikuwa anauza ndege yake ndogo, rangi nyekundu na ya maziwa, viti viwili, mwili wa kitambaa, yenye umri mkubwa kuliko mimi na Emil. Bei dola elfu thelathini na mbili. Alikuwa amempa Emil mpaka saa sita. Baada ya hapo kulikuwa na bwana mmoja kutoka Wasilla aliyesema anakuja na fedha taslimu.

Emil aliitaka tuinunue pamoja, nusu kwa nusu. Niliwahi kumpenda mwanamume aliyenunua ndege, kwa hiyo sikujibu ndiyo wala hapana. Nilichukua kalamu.

Gharama za kumiliki nilizijua kwa majina, kama mtu anavyowajua majirani wabaya. Bima. Ada ya kuegesha. Ukaguzi wa kila mwaka, ambapo fundi anafungua injini akitabasamu na kuifunga ukiwa umefilisika. Akiba ya siku injini itakapokufa. Na faida ambayo zile elfu thelathini na mbili zingeleta kama zingekaa benki. Jumla dola elfu saba na mia moja kwa mwaka, hata kama ndege haijaondoka ardhini. Ukiirusha, ongeza dola hamsini kila saa. Ndege ya klabu ya marubani tulikuwa tunaikodi kwa dola mia na themanini na tano kwa saa, mafuta yao, mafundi wao, maumivu ya kichwa yao. Ukigawanya vizuri, unapata saa hamsini na tatu. Ukiruka chini ya hapo kwa mwaka, kodi. Ukizidi, nunua.

Mwaka uliopita niliruka saa ishirini na sita.

"Elfu nne mia nane na kumi kukodi," nilimwambia Emil, nikigonga karatasi kwa kidole. "Elfu nane na mia nne kumiliki. Hiyo si tofauti ndogo. Hilo ni paa la nyumba hii, na wewe mwenyewe umeona linavyovuja."

"Hizo saa ishirini na sita," alisema polepole, "ulikuwa unafanya nini?"

"Unajua nilichokuwa nafanya."

"Sema."

Nilikuwa naona haya kulisema. Emil anaishi ng'ambo ya ghuba, upande wa magharibi, ambako hakuna barabara na boti huenda pale bahari inapotaka. Anatunza mabanda ya samaki, na anaishi na mama yake mzazi, Bibi Agrafena, ambaye amesema atatolewa pale kwenye jeneza tu. Uwanja wao ni changarawe na ufukwe. Ndege za klabu haziruhusiwi kutua penye changarawe, ni lami tu. Basi Jumamosi nyingi nilikodi ndege, nikavuka ghuba, nikazunguka juu ya nyumba yao mara tatu nne, nikatikisa mabawa, na Emil akatoka mbio ufukweni akipunga shuka jeupe. Kisha nikarudi nyumbani.

"Nilikuwa nakupungia mkono," nilisema.

"Kwa dola mia na themanini na tano kwa saa."

"Ndiyo."

"Mama ananiuliza, 'Mwanamke gani huyo wa angani, hana miguu?' Siku ile uliyomdondoshea keki ikaangukia banda la kuku, alisema sasa anajua: una mikono, miguu ndiyo huna."

Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka.

"Marlys, mwaka jana nimekushika mkono huu," akaugusa, vidole vyake vikiwa na makovu ya nyavu, "mara kumi na moja. Na mimi nimehesabu. Kumi na moja kwa mwaka mzima, zile siku nilizopata kiti kwenye ndege ya mizigo, kama nilivyopata jana. Wewe umepiga hesabu ya tunavyoishi. Umechukua mwaka ule mbovu kabisa, ukauzidisha, ukauita jibu."

"Nimechukua takwimu zilizopo. Ulitaka nibuni?"

"Nilitaka uniulize."

Hapo ndipo Britta alipoingia, nywele zimesimama, akiwa amevaa soksi za rangi mbili. Binti yangu ana miaka kumi na saba na masikio yake hupita kwenye kuta. Alichukua chapati ya maji kwenye sahani ya Emil bila kuomba.

"Mama amesema hapana?" aliuliza.

"Hesabu imesema hapana," alijibu Emil.

"Safi sana hesabu." Alikaa. "Samahani, Emil. Wewe nakupenda. Ila Baba naye alikaa kiti hicho hicho akasema ndege itajilipa yenyewe. Nilijifunza neno 'mnada' nikiwa na miaka tisa. Walikuja na spika wakauza nyumba yetu ya Kasilof na bembea yangu ikiwa bado inaning'inia."

"Britta," nikasema.

"Nimesema uongo?"

Hakuwa amesema uongo. Emil alimtazama kwa upole, kisha akasimama, akachukua koti lake.

"Baba yako alinunua ndege ya kuonyesha watu," alimwambia. "Mimi nataka ya kufika." Akanigeukia. "Nitainunua peke yangu. Nina nusu, nyingine nitamwomba mzee anivumilie. Itakuwa ndege yangu, na wewe utakuwa mgeni ndani yake."

"Kule ndiko unakotaka tufike, Emil? Kususiana?"

"Sijasusa. Nimechoka kupunga shuka."

Alinibusu kwenye paji la uso, kama mtu anavyombusu shangazi yake. Nikasikia mlango, kisha buti zake kwenye ngazi. Kutoka kwangu hadi kiwanja cha ndege ni dakika ishirini na tano kwa miguu, na alizipiga hatua kama anayedaiwa kila moja.

Nikaosha vyombo. Ndicho ninachofanya. Britta akavipangusa, na vilipokwisha nikaanza kuviosha upya, mpaka ikawa saa nne na nusu. Kisha nikaona ameshika karatasi yangu kwa mkono wenye maji.

"Hapa umeandika kuvuka ghuba ni dakika thelathini na tano," alisema. "Kwenda tu?"

"Kwenda tu."

"Kwenda na kurudi saa moja na dakika kumi, basi. Kila wiki..." Aliangalia dari. Hesabu ameirithi kwangu, maskini. "Saa sitini kwa mwaka. Sitini ni zaidi ya hamsini na tatu."

"Najua."

"Ulijua?"

Nikafunga bomba. Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu Alhamisi, nikiwa kazini nasafisha meno ya mzee mmoja mvuvi, na nilikuwa nimeikimbia ile sitini kama mtu anayemkimbia mgeni mwenye mizigo mingi. Maana kuandika ishirini na sita hakukunidai kitu. Ili niandike sitini ilibidi niseme: nitakwenda kila wiki. Kwa mwanamume yule, kwa nyumba ile yenye kuku na bibi mkali, kila wiki, mwaka mzima, na mwaka unaofuata. Karatasi ile ilikuwa inaniuliza swali ambalo Emil kwa ustaarabu wake hajawahi kuniuliza waziwazi.

"Nikiandika sitini," nilimwambia Britta, "wewe utakuwa peke yako Jumamosi."

"Agosti naenda chuo Fairbanks, Mama. Jumamosi zote utakuwa peke yako wewe."

"Ndiyo hivyo."

"Utakaa hapa unaosha vyombo visafi?"

Nilimtazama. Mtoto akikua, kuna siku anakuambia kitu na unaona kabisa kwamba si mtoto tena, na unataka kumtuma akalale.

"Unaogopa nini hasa?" nilimuuliza. "Niambie bila kuzunguka."

Akaning'iniza kitambaa cha vyombo. "Nyumba. Naogopa nirudi Krismasi nikute watu na spika."

Nikavuta kiti, nikachukua kalamu, nikageuza karatasi upande wa pili. "Andika masharti."

"Mimi?"

"Wewe. Uliyeumia ndiye anayeandika."

Aliandika matatu, kwa herufi kubwa. NYUMBA HAIWEKWI REHANI. MKATABA WA NUSU KWA NUSU, WENYE SAINI. AKIBA YA INJINI HAIGUSWI HATA KWA HARUSI. Niliposoma hilo la mwisho nikamwuliza harusi ya nani. Akasema, "Sijui, Mama. Nauliza tu kama utavaa buti." Nikatia saini. Naye akatia. Kisha nikaenda chumbani nikachukua kitabu cha hundi, kile cha akiba niliyoiweka dola mia mia kila wiki mbili kwa miaka minane, ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kuigusa wala kujua ipo.

Saa tano na nusu nikawa kiwanjani.

Nilisikia injini kabla sijafunga mlango wa gari. Ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote, na nilipozunguka banda la kwanza nikaona kwa nini watu wawili wamesimama wameduwaa. Mzee Orville alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, fimbo kati ya magoti, maana nyonga yake moja haifanyi kazi. Kando yake, bwana wa Wasilla, kofia mpya, bahasha nene kwapani, anacheka mpaka anashika tumbo. Na mbele yao ndege nyekundu ikinguruma, nyasi za nyuma zimelala chini kwa upepo, vumbi linapaa, na haiendi popote.

Mkia ulikuwa umefungwa.

Ndege ya Orville haina stata. Ni ya zamani. Inawashwa kwa mkono. Mtu anasimama mbele, anashika rafadha, lile panga lake kubwa la mti, analivuta kwa nguvu na kuruka nyuma. Ndani lazima awepo mwingine, miguu kwenye breki, mkono kwenye swichi. Ukiwa peke yako unafunga mkia kwa kamba kwenye chuma cha ardhini, ili ndege isikuparamie ikiwaka. Emil aliifunga, akaiwasha, akapanda, akaongeza moto. Alikuwa na hasira kiasi kwamba alisahau nyuma yake hakuna mtu wa kuifungua.

"Ameanza lini?" nilimpigia kelele Orville.

"Dakika mbili!" alijibu mzee, bila kucheka hata kidogo. "Tumeikagua asubuhi nzima, sasa anataka kuijaribu kabla ya kununua. Nilimwuliza, 'Nani atakukanyagia breki?' Akanijibu, 'Najitosheleza.' Nikamwambia haya, jitosheleze tuone!"

Nilipita mbali, upande wa mkia, palipo salama, nikasimama mahali ambapo angeniona kwa dirisha la pembeni. Sikugusa kamba. Nilipitisha kiganja shingoni: zima. Uso wake ukageuka. Niliona jinsi alivyoniona: kwanza hasira, kisha kitu kingine, kisha akatazama nyuma kwenye mkia, na masikio yakamwiva mekundu.

Injini ikazima. Ukimya ukawa mkubwa ghafla.

"Umefunga mkia," nikasema.

"Najua nimefunga mkia."

"Ulitaka nani aufungue?"

 Alishuka, akasimama mbele yangu, mikono imening'inia, na mafuta kidogo kwenye shavu. Nilitamani kuyafuta. Nikamaliza kwanza nililokwenda kusema.

"Sitini," nilimwambia.

"Sitini nini?"

"Saa. Nilikosea. Niliandika ishirini na sita, jibu ni sitini."

Emil si mtu wa hesabu za haraka, lakini ile aliifahamu mara moja. Nilimwona anaihesabu kwa macho, wiki kwa wiki.

"Kila Jumamosi?" Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kila Jumamosi. Ukungu ukikataa, Jumapili. Jumapili nayo ikikataa, nakununia mpaka wiki nyingine na wewe unavumilia. Na si mimi tu. Wiki moja mimi, wiki moja wewe uje utengeneze paa."

"Na Britta?"

Nikampa karatasi. Akasoma upande wa herufi kubwa. Alipofika sharti la tatu akasoma tena.

"Harusi ya nani?"

"Hilo ndilo nililouliza mimi. Tia saini, hatuna siku nzima."

Akaweka karatasi kwenye bawa, akatia saini. Alipomaliza alinishika uso kwa viganja vyote viwili. Mwaka huu tutazipita zile kumi na moja, nikawaza, na mwaka wenyewe bado mchanga.

"Mama atasema nini?" alininong'oneza.

"Atasema nimeota miguu."

Bwana wa Wasilla akakohoa. "Samahani jamani, mapenzi mazuri, lakini saa sita kasoro dakika kumi na mimi fedha ninazo hapa." Akapiga bahasha. "Zote. Mzee, hawa wanakuletea hundi mbili na barua ya mtoto."

"Na wewe una nani?" Orville alimwuliza.

"Nina nani vipi?"

"Wa kukanyaga breki."

"Sihitaji mtu. Wiki ijayo naitia stata ya umeme."

"Basi nunua yenye stata," mzee akasema. "Ziko nyingi." Alijiinua kwa fimbo yake, taratibu, akasogea mpaka kwenye ndege, akaegemeza mkono mahali ambapo rangi ilikuwa imelika kwa kushikwa. "Vera wangu alikaa ndani humu miaka thelathini na minane, miguu kwenye breki, huku mimi nimesimama mbele ya panga. Asubuhi nyingine tulikuwa hatusemeshani kabisa. Bado alikanyaga." Akanigeukia. "Wewe bibi, unajua kumwitikia anayesimama mbele ya panga?"

"Najua."

"Nionyeshe. Kisha tutazungumza hundi."

Nikapanda. Kiti kilikuwa kigumu, kinanukia petroli na tumbaku ya zamani. Nilikanyaga breki mpaka magoti yakaniuma. Nikaangalia swichi kwa macho, kisha nikaigusa kwa kidole, maana macho hudanganya. Emil akafungua kamba ya mkia, akaikunja, akaiweka nyuma ya kiti changu. Kisha akaenda mbele.

Kuna jambo moja la kuelewa. Swichi ikisahaulika imewashwa, panga lile likiguswa tu linaweza kuondoka na mkono wa mtu. Anayesimama mbele hawezi kuiona swichi. Ana sauti yako tu. Asubuhi ile niliandika karatasi nzima nikijilinda na mwanamume huyu, na sasa yeye alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye panga, mikono yake yenye makovu hewani, ananingoja mimi niseme.

"Swichi?" aliita.

"Imezimwa!"

"Breki?"

"Nimekanyaga!"

Akaweka viganja kwenye panga. Hakuuliza mara ya pili. Akalizungusha taratibu, mara moja, mara mbili, kuvuta mafuta, na injini ikatoa mlio kama mzee anayeamshwa. Akarudi nyuma, akajipangusa mikono kwenye suruali, akanitazama kupitia kioo. Sijawahi kutazamwa hivyo, wala kanisani siku ya ndoa yangu sikutazamwa hivyo.

"Washa!" aliita.

Nikageuza swichi. "Imewashwa!"

Alivuta kwa mwili mzima na kuruka nyuma, na injini ikashika kwa mvuto mmoja. Ndege nzima ikatetemeka, ikitaka kwenda, ikisukuma miguu yangu. Nje bwana wa Wasilla alikuwa anarudisha bahasha kwapani, na Orville alikuwa amevua kofia, anatuashiria turuke, hundi atazipokea tukirudi. Emil alizunguka kwa nyuma ya bawa, mbali na panga, kama inavyotakiwa, akafungua mlango, akaingia, akajibana kando yangu bega kwa bega.

"Twende?" alisema sikioni mwangu.

"Funga mlango kwanza."

Aliufunga. Akafunga mkanda. Nikausukuma mlango kwa kiwiko kuhakikisha. Hapo ndipo nilipoachia breki.